Ngozi ya Ng'ombe Asiyekufa

Garsen, 9 Septemba 2024

Dada Sabdio,

Nimekukosea. Naandika hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitamaliza na salamu, kama kwenye simu. Mwezi uliopita nilikupigia mara tatu, na mara tatu nikaishia kuuliza mvua. Halafu simu yako hapo Wenje kila mtu anaipokea. Ndiyo nimeshika kalamu, mimi wa darasa la saba.

Sasa salamu. Assalaam aleikum, wewe na watoto na wajukuu. Sisi wazima. Abdia magoti yanamsumbua lakini mdomo uko sawa, mke wangu unamjua. Sadia wetu amemaliza unesi na amepata kazi zahanati, akina mama wanamwita daktari na yeye hakatai. Mafuriko yalipoondoka yalituachia majani mpaka kiunoni, na mbu wa kutosha. Ng'ombe wamenona. Hao ng'ombe ndio shida yenyewe.

Unamkumbuka Diimtu, yule mtamba mwekundu. Baba alikupa siku unatoka kwetu kwenda kwa Ngumbao, wakati nusu ya wazee walikataa hata kuonja pilau kwa sababu binti wa Orma anaolewa na mkulima wa Pokomo. Baba alimkata sikio alama yako mbele ya watu, ili asije mtu kubisha. Akanikabidhi mimi nimchunge, akasema huko mashambani mbung'o watammaliza. Amana. Neno hilo alilisema, nililisikia.

Mwaka wa elfu mbili, ukame ule, nilikuletea ngozi. Unajua desturi yetu, ng'ombe wa amana akifa, aliyemchunga anapeleka ngozi kwa mwenyewe, na sikio liko juu yake, ili alama ionekane. Nilikuja Wenje na ngozi nyekundu na sikio lenye alama yako. Ulipokea kwa mikono miwili. Ukaniambia, "Pole, mdogo wangu, kazi umeifanya."

Dada, ngozi ile haikuwa ya Diimtu. Ilikuwa ya ng'ombe wangu mzee aliyekufa kwa njaa. Sikio nililikata mimi. Diimtu alikuwa hai, na alikuwa na mimba.

Alizaa mara tisa. Watoto wake nao wakazaa. Ukame wa juzi juzi uliua wengi hapa, lakini ukoo wa Diimtu ni mgumu. Leo nina ng'ombe ishirini na sita, na ishirini na moja ni wa tumbo lake.

Kilichonisukuma ni darsa ya msikitini. Ustadh Kassim alikuwa anasomesha toba. Akasema kama dhambi ni kati yako na Mungu, unaiacha, unajuta, unaazimia usirudi. Lakini kama kuna haki ya mtu ndani yake, kuna sharti la nne, irudishe, la sivyo hayo matatu umejichosha. Baadaye nikamfuata, nikamwambia nina rafiki, alichukua mnyama wa mtu zamani, mnyama akazaa, sasa rafiki anataka kujua na wale waliozaliwa ni wa nani. Ustadh akaniangalia, akacheka. "Huyo rafiki yako, mwambie asije kwangu. Aende kwa mwenye ng'ombe. Na waliozaliwa wanamfuata mama yao."

Mimi nilifanya vile kwa sababu ya ukame. Nilikuwa nimebaki na ng'ombe watatu na mke mchanga. Sijitetei, naeleza tu.

Nataka kukuletea mitamba minne, wazuri. Watu nitawaambia ni sadaka ya marehemu Baba. Wewe unisamehe kwa barua, mambo yabaki kati yetu. Bahasha nampa kondakta wa basi la Garissa, ataishusha pale njia panda yenu.

Mdogo wako,
Gollo


Wenje, 27 Oktoba 2024

Kwa Gollo,

Waaleikum salaam. Barua yako ilifika zamani. Usishangae mwandiko, nilijifunza kuandika ukubwani, ngumbaru, mwalimu wetu alikuwa na umri wa mwanangu na alitupigia kelele kama watoto.

Sisi tuko salama. Viboko wametoka mtoni wakala mahindi ya upande wa chini, tumebaki na ya juu. Ndizi ziko. Iha, shemeji yangu, yule mdogo wake marehemu Ngumbao, ameoa mke wa pili, na sasa nyumba zote mbili zinakuja kulalamika kwangu. Nimekuwa chifu bila mshahara. Mpe Sadia pongezi, mwambie shangazi yake ana presha, atume ushauri na dawa pamoja, ushauri peke yake tunao.

Habari ya ng'ombe nimeisoma.

Nina swali moja. Mwaka ule nilimtuma Dadacha, yule mchuuzi wa ng'ombe, aje kwako. Nilimwambia, mwambie Gollo amuuze Diimtu haraka, Ngumbao kifua kimemshika, anatakiwa hospitali ya Malindi. Siku ulipokuja na ngozi, ulikuwa umeshaonana na Dadacha, au bado?

Nijibu hilo tu.

Sabdio


Garsen, 15 Novemba 2024

Dada Sabdio,

Assalaam aleikum. Dawa za presha nimefunga humu pamoja na barua, Sadia ameandika jinsi ya kumeza. Anasema chumvi punguza. Pole kwa mahindi. Mwambie Iha wake wawili ni kazi ya mwenye nguvu.

Swali lako. Bado. Dadacha hakunikuta, nilikuwa nimehama na ng'ombe kutafuta majani. Nilikuja Wenje kwa akili yangu, nikamkuta Ngumbao amelala mkekani, nikadhani ni malaria, nani hakuwa na malaria mwaka ule. Kama ningejua mambo ya hospitali, dada, si ungeona.

Niache nikuambie yanayonipata. Unakumbuka siku ile Ngumbao aliamka kunisalimia. Ulimkataza, akaamka. Alishika mlango na mkono mmoja, akakohoa, akaniambia, "Pole shemeji, ng'ombe ni kama mtu." Halafu akakuambia unifungie mkungu wa ndizi nisiende mikono mitupu. Nikaubeba mkungu ule mpaka barabarani.

Kikohozi kile ninakisikia. Si ndotoni, mchana kweupe. Kilianza niliporudi Makka. Nikisimama kwenye safu, Adhuhuri au Alasiri, kuna mtu anakohoa mwisho wa safu upande wa kushoto. Kavu, mara mbili, kisha kimya, kama mtu anayezuia asisumbue wenzake. Nikitoa salamu naangalia kule. Mara ni mzee Tadicha, na hakohoi. Mara hakuna mtu, safu imeishia kabla ya pale. Nimemuuliza Tadicha, "Wewe una kifua?" Akasema, "Haji, una nini na kifua changu? Wiki hii umeniuliza mara mbili." Sasa ninapoteza hesabu ya rakaa. Ninaswali nyuma kabisa ili wasione nikikosea.

Ndiyo, wananiita Haji. Ile Hija nililipa kwa madume ya Diimtu. Na ada ya Sadia. Na mabati ya nyumba hii. Kila kitu ninachokishika kina kwato.

Abdia nimemwambia. Sikumwambia yote, nilimwambia ya ng'ombe. Alikuwa anamimina chai, akaweka birika chini. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi miaka ishirini na nne nimekamua ng'ombe wa wifi?"

Nikasema ndiyo.

"Na maziwa niliyompelekea mama yangu akiumwa, ya wifi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mimi mwizi bila kujua na wewe mwizi kwa kujua. Mrudishie. Lakini ukirudisha wote, Gollo, tutakamua nini? Mabati?"

Ninaweza kufikisha mitamba sita. Tafadhali andika neno la msamaha, moja tu, nilisome.

Mdogo wako,
Gollo


Wenje, 22 Desemba 2024

Gollo,

Tuko wazima. Dawa nimepata. Kichwa kimepungua.

Nitakuandikia polepole kwa sababu mkono unachoka, na wewe usome polepole.

Dadacha alirudi kwangu siku tatu kabla yako. Alipita hapa akielekea Hola. Nilimuuliza, umemwona Gollo? Akasema nimemwona, kwenye malka, pale ng'ombe wenu wanaposhukia mtoni kunywa, alinipa maziwa. Nikamuuliza, amesema nini? Akaangalia chini, akasema, amesema atakuja. Nilijua kuna lingine umesema, akaona haya kuniletea. Dadacha amekufa. Hilo la pili alikufa nalo.

Kwa hiyo uliponijibu "bado", nilikaa na barua mwezi mzima.

Sasa mimi nikuambie jambo. Nilijua. Nilijua siku ile ile, ukiwa bado umekaa unakunywa chai yangu. Nani alikuwa anashika ndama kwa Baba akiwakata masikio? Ni mimi. Wewe ulikuwa unakimbia, hukuweza kuona damu. Sikio lililokatwa ng'ombe akiwa hai linapona, ukingo unakuwa mgumu, nywele zinaota mpaka mwisho. Sikio uliloniletea lilikuwa limekatwa kama mtu anayekata nyama. Kavu, jeupe, bila unywele. Nilipitisha kidole pale, nikakuangalia. Ulikuwa unatafuta sukari.

Sikusema. Ngumbao alikuwa anasikiliza kutoka ndani. Ningesema, angejua kwamba shemeji yake amemwacha. Nilimwachia afikiri ni ukame tu. Alikufa siku ya kumi na nane baada ya wewe kuondoka na ndizi zake. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Hukuja kuzika. Ulituma salamu kwamba mto umejaa, na mwaka ule mto ulikuwa unavukwa na mbuzi.

Baada ya mazishi walinigeukia ndugu zake. Mama mkwe alisema mbele ya watu, "Hawa Orma ng'ombe wao hawahesabiki, na wamemwacha mwanangu afe kama kuku." Iha akasema, "Mkulima si mtu kwao, tulimwambia asioe huko." Unajua nilifanya nini? Niliingia ndani nikaleta ile ngozi. Nikawaonyesha sikio. Nikawaambia, ndugu yangu hakuninyima, ng'ombe amekufa, alama hii hapa, tazameni. Wao wakulima, hawajui masikio. Wakatazama, wakaniomba radhi. Mama mkwe alilia akasema nimsamehe kwa kuwatukana watu wangu.

Nilidanganya wafiwa mbele ya kaburi bichi, kwa ajili yako. Mama yule alikufa akiwa anakuheshimu. Iha mpaka leo mnapokutana anakuletea kiti.

Wewe unasikia kikohozi msikitini. Mimi nimesikia kitandani kwangu, na baada yake nimesikia kimya. Usiniletee habari ya kikohozi.

Mitamba minne, mitamba sita, unapandisha kama mnadani. Ng'ombe wa siri siwataki. Ukinipa kama sadaka ya Baba utakuwa umeniongezea uongo wa pili wa kulea, na mimi nimezeeka. Msamaha unauomba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mimi sisemi nimekusamehe, na sisemi nimekataa. Wewe bado hujaniambia ulichofanya. Ulichoniambia nilikuwa nakijua.

Sabdio


Garsen, 9 Februari 2025

Dada Sabdio,

Assalaam aleikum. Nimechelewa, si kwa sababu ya basi. Barua yako ilifika kabla ya mwaka mpya. Nimeanza jibu mara nyingi, Abdia amewashia jiko hizo karatasi.

Nyumbani hatujambo. Sadia anajua sasa. Nilimwambia yote, hata ambayo wewe hujasikia. Aliniuliza kama nesi aliye kazini, si kama mwanangu, "Alikuwa anakohoa damu?" Nikasema sijui. Akasema, "Ulikaa naye, Baba." Nikasema ndiyo, kulikuwa na kitambaa, alikuwa anakificha chini ya goti. Akasema kama ni kile anachofikiria, kifua kikuu, dawa yake ilikuwepo hata mwaka ule. Miezi kadhaa ya dawa na mtu anarudi shambani. Halafu akavaa sare akaenda kazini, na hajala kwangu tangu siku hiyo. Anakula kwa bibi yake, mama mzazi wa Abdia.

Sasa ninaandika. Nisipomaliza leo sitamaliza.

Dadacha alinikuta malka asubuhi. Ng'ombe wangu watatu walikuwa wamelala hawanyanyuki, na Diimtu amesimama, peke yake, tumbo limejaa. Nilimpa Dadacha maziwa kidogo yaliyokuwepo. Alinipa ujumbe wako wote. Alisema kifua, alisema Malindi, alisema haraka. Alisema pia, "Sabdio alikuwa analia, na unajua huwa halii." Niliyaelewa yote.

Na nilimjibu hivi, unisikie, kwa mdomo wangu, wazee wawili wakiwa pale, "Ng'ombe wa Orma hauzwi kwa kifua cha mkulima. Akifa, Sabdio atarudi nyumbani, na ng'ombe wake atamkuta."

Wazee walicheka. Mimi pia nilicheka. Dadacha hakucheka. Aliweka kibuyu chini, maziwa hakuyamaliza.

Hilo ndilo la pili alilokufa nalo. Nimelificha miaka yote nyuma ya neno ukame, na ukame ulikuwepo kweli, ndiyo maana lilijificha vizuri. Ningekuwa na njaa tu, ningekuja kukuambia, dada, nina njaa, tugawane bei yake. Ungekubali. Nilitaka afe. Si kwa chuki, sikumchukia. Nilimwona kama mvua mbaya, itapita, na wewe utarudi, na wale wazee waliokataa pilau wataona mimi nimeweka mambo sawa. Hukurudi. Ulibaki kulima shamba la mtu aliyekufa, na mimi nikabaki na ng'ombe.

Ng'ombe wangu mzee alikufa jioni ya siku hiyo. Alikuwa mwekundu kama Diimtu. Nilimtazama, na wazo likaja kamili, na alama na safari na sura ya kuvaa nikifika kwako. Sikuhangaika kulitafuta. Diimtu mwenyewe nilimkata juu ya alama yako, nikamwambia kila aliyeuliza kwamba fisi alimrarua. Aliishi miaka kumi na sita na sikio lile. Kila asubuhi zizini alikuwa ananigeuzia upande ule.

Nilimpelekea Ustadh Kassim barua yako, nikamsomea. Sikusema rafiki tena. Hakucheka. Aliuliza, "Huyu dada yako anataka nini?" Nikasema hajasema. Akasema, "Amesema. Rudia pale anapomtaja mama mkwe." Nikarudia. Akasema, "Uongo aliubeba mbele ya watu gani?" Nikasema watu wa Wenje. Akasema, "Basi unajua pa kwenda. Ng'ombe wanatembea wenyewe, ulimi ndio unaobebwa."

Nilijaribu kumwambia kwamba kule wakulima na sisi tumeshauana mara ngapi katika hii delta, na nikisimama kusema maneno yale kuna kijana atasimama pia. Akasema inawezekana. Akachukua msahafu wake akaondoka. Hakuniambia nisiende.

Abdia alipinga wiki nzima. Jana amekuja zizini, ametenganisha wako na wangu kwa fimbo yake mwenyewe, na magoti yale. Upande wangu akabakiza sita. Nilimwambia huyu mweupe ni wa Diimtu pia, wa kizazi cha tatu. Akasema, "Nilijua, nilikuwa najaribu kama utasema." Akamsukuma upande wako, tukabaki na watano.

Waliouzwa siwezi kuwarudisha. Madume ya Hija, ya ada, ya mabati. Plot ya hapa Garsen nyuma ya soko la mifugo nimeiandika kwa jina lako, karatasi ziko kwa Ustadh na mashahidi wawili wametia sahihi. Ukiuza, ukijenga, ukiacha paote miba ya mathenge, ni shauri lako. Hija yangu sijui iko wapi. Nimewaomba watu waache kuniita Haji, wamefikiri natania.

Nitafanya hivi. Nitaondoka Garsen Jumamosi tarehe 22 Februari na ng'ombe wako wote ishirini na moja, kwa miguu, kwa njia ya mchana, kila mtu aone nakwenda wapi. Nikiulizwa ni wa nani, nitasema ni wa Sabdio wa Wenje, na nikiulizwa kwa nini, nitajibu. Kama mbung'o bado wako huko, sema unataka wachungwe wapi na nani, si mimi.

Ijumaa tarehe 28, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, nitaswali msikiti wenu. Imamu wenu nimempigia simu, amenipa ruhusa, hajui bado nitasema nini. Akitoa salamu, kabla watu hawajavaa viatu, nitasimama. Nitamtaja Ngumbao kwa jina lake na la baba yake. Nitasema alikuwa mgonjwa, nilijua, na dawa yake ilikuwa imesimama zizini kwangu. Nitasema nilivyomjibu Dadacha, kwa maneno yale yale, sitayalainisha. Nitasema ngozi ilikuwa ya ng'ombe wangu na wewe ulijua, na ulinifunika ili wasiwachukie watu wako, na mama yake aliomba radhi mahali ambapo mimi ndiye nilitakiwa kupiga magoti. Halafu nitamgeukia Iha na sitakalia kiti chake.

Akitaka kunipiga, anipige. Wakitaka kesi, sitatoroka, kitambulisho nitakuwa nacho mfukoni.

Sikuombi tena msamaha. Ningependa uwe umekaa upande wa wanawake ukisikia, lakini usipokuja nitasema vile vile, tarehe 28, baada ya swala.

Gollo